Maumivu ni Mlinzi wa Mwili

Mama akigusa sufuria ya moto, mkono huruka hata kabla hajahisi maumivu. Ni nani aliyeuamuru? Katika toleo hili tuone kazi ya mishipa ya fahamu, na hatari inayompata mtu ambaye mishipa yake imeharibika.

Habari husafirije?

Katika ngozi kuna vipokezi vidogo sana. Vingine hupokea mguso, vingine baridi, vingine joto. Kimojawapo huamka joto linapofikia sentigredi 43 hivi. Hicho hicho huamshwa na pilipili, ndiyo maana pilipili huwasha kama moto. Kwa ugunduzi wa vipokezi vya joto na mguso, wanasayansi David Julius na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021.

Kutoka hapo habari hupita katika nyuzi za mishipa ya fahamu hadi uti wa mgongo, kisha ubongo. Nyuzi zenye ala ya mafuta hupitisha habari upesi. Zile nyembamba zisizo na ala huenda polepole, kiasi cha mita 1 kwa sekunde. Kwa hiyo ukijikwaa kidole huumia mara mbili: kwanza maumivu makali, halafu yale mazito yanayokaa. Hatari ikiwa kubwa, uti wa mgongo huamuru misuli bila kungoja ubongo.

Mlinzi akinyamaza

Vijidudu vya ukoma hushambulia mishipa ya fahamu, hasa sehemu zenye ubaridi kama mikono, miguu na uso. Wengi hudhani ukoma hula vidole. Sivyo. Mgonjwa hukanyaga mwiba au kushika chungu cha moto asihisi. Kidonda huingia uchafu, huoza, na kidole hupungua kidogo kidogo. Kisukari cha muda mrefu nacho huweza kuua hisia za miguu.

Tufanye nini?

1. Ukiona baka kwenye ngozi, mwambie mwenye nalo afumbe macho, kisha liguse kwa pamba. Asipohisi, aende zahanati mapema.

2. Dawa mseto za ukoma hutolewa bure, na humezwa kwa miezi 6 au 12. Asiache njiani. Dawa huua vijidudu, lakini hisia zilizokwisha kupotea mara nyingi hazirudi.

3. Mwenye ganzi atumie macho badala ya ngozi: kila jioni akague nyayo na katikati ya vidole. Asiyeona vizuri akaguliwe na mtu wa nyumbani.

4. Avae viatu visivyobana, na kabla ya kuvivaa avikung'ute.

5. Maji ya kuoga yapimwe na mtu mwingine. Sufuria ishikwe kwa kitambaa kinene.

Kidonda kisichouma kisidharauliwe. Huenda ndicho kibaya zaidi. Wala mgonjwa asifichwe ndani. Ukoma unatibika, na anayewahi huponya mikono na miguu yake.