Maji ya Flint: nani mwenye uamuzi?

Soma Nehemia 5:1–13.

Mwezi Aprili 2014 mji wa Flint, jimbo la Michigan, Marekani, uliacha kununua maji ya Detroit ukaanza kutumia ya mto wake, ili kupunguza gharama. Hayakutiwa dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe. Madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto, yakaingia majumbani. Wakazi walibeba chupa za maji ya kahawia hadi mikutanoni. Machi 2015 madiwani wakapiga kura, 7 kwa 1, kurudi Detroit. Meneja wa dharura, aliyewekwa na jimbo, alikataa! Walirudi Oktoba.

Jadilini: Nehemia aliwaita walalamikaji pamoja na wenye uwezo wa kurudisha mashamba. Katika mkutano wenu wa kijiji, mwenye uamuzi wa mwisho huhudhuria?