Njia ya Saruji na Vidato: Namna ya Kuikagua Kazi Kabla ya Kumaliza Kulipa

Siku hizi hapa kwetu Mikese, kandokando ya barabara kuu iendayo Morogoro, watu wengi wanajenga nyumba za kudumu, na wengi wao hutengeneza njia ya saruji kutoka barabarani hata uani, pamoja na vidato vya kupandia barazani. Jambo hili ni jema, maana mguu hauingii topeni wala motokaa haikwami. Lakini kazi hii ina siri moja. Siku ya kwanza kazi njema na kazi mbaya zafanana, zote mbili zang'aa. Tofauti huonekana masika yanapokuja, na wakati huo fundi amekwisha kwenda zake, na fedha imekwisha tumika.

Mimi mwenyewe nilipatwa na hasara hiyo. Nilijengesha njia na vidato vinne mbele ya nyumba ya mama yangu. Jioni nilipotoka kazini niliiona kazi yapendeza, nikalipa fedha yote siku ile ile. Mvua ilipoanza, maji yalirudi nyuma yakasimama mlangoni. Tena kidato cha juu kilikuwa kimezidi vingine kwa upana wa vidole viwili. Mama, naye ni mtu mzima, alijikwaa pale akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono. Sisemi kwamba fundi alikuwa mwizi. Kosa kubwa lilikuwa langu, kwa kuwa nilitazama kwa macho tu, sikupima. Basi nawaandikia somo hili ili msiyapate yaliyonipata.

Kwanza yatupasa kujua saruji ni kitu gani. Saruji tuitumiayo ni ya namna iliyoandikishwa na mwashi wa Uingereza, Joseph Aspdin wa Leeds, mwaka 1824, na kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza kuitengeneza hapa kwetu mwaka 1966. Watu wengi hudhani kwamba zege hukauka kama nguo iliyoanikwa. Sivyo. Saruji hushikana na maji, ikageuka kuwa jiwe, na jua kali likiyanyakua maji mapema, jiwe hilo hubaki changa. Kwa hiyo zege jipya lifunikwe kwa magunia au majani, likamwagiliwe asubuhi na jioni kwa muda wa siku 7 kwa uchache. Nguvu yake hupimwa likifika siku 28. Motokaa isipite juu yake kabla ya siku 7, na lori lenye mzigo lingoje siku 28.

Sasa nitaeleza ukaguzi wenyewe, nao una sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni kabla zege halijamwagwa, maana lililofunikwa halionekani tena. Tazama kama ardhi imeshindiliwa sawasawa. Chukua chuma chembamba uchome; kikizama kwa wepesi, mahali pale patatitia. Udongo wa mfinyanzi ni mbaya zaidi, maana huvimba ukilowa na kunywea ukikauka; uondolewe, kifusi kigumu kiwekwe badala yake. Kisha pima kina kilichoachwa. Njia ya miguu yatosha kuwa na zege la sentimeta 10, na njia ya motokaa sentimeta 12 hata 15.

Mchanga nao ujaribiwe. Tia mchanga katika chupa nyeupe hata nusu, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa, uiache saa tatu. Tope litakaa juu ya mchanga. Likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga ule, mchanga huo uoshwe au ukataliwe. Mchanganyiko wa desturi ni karai moja la saruji, mawili ya mchanga, na manne ya kokoto. Maji yawe ya kiasi. Zege la majimaji hulainika chini ya mwiko na kuwapendeza vibarua, lakini likikomaa huwa dhaifu.

Sehemu ya pili ni baada ya kazi kwisha, na vyombo vyake ni vichache: ndoo ya maji, ubao ulionyoka, futi kamba, nyundo ndogo na msumari.

Ndoo: mwaga maji mlangoni, usimame utazame. Yakienda mbali na nyumba, vema. Yakisimama au yakirudi ukutani, kazi ina kosa. Kila mita moja ya njia ishuke kama sentimeta 2.

Ubao: ulaze juu ya njia, huku na huku. Penseli ikipita chini yake, pana bonde.

Futi kamba: pima kila kidato, wala usipime kimoja tu. Kimo cha sentimeta 15 hata 18 hufaa, na mahali pa kukanyagia pawe na sentimeta 28 hata 30. Lakini lililo kubwa kuliko yote ni kwamba vidato vyote vilingane, tofauti isifike sentimeta moja. Mtu akipanda, mguu hujifunza kimo cha kidato cha kwanza, na vilivyobaki huvipanda bila kutazama. Kosa hukaa hasa katika kidato cha chini kabisa au cha juu kabisa, kwa sababu fundi husahau kuhesabu unene wa sakafu itakayokuja baadaye.

Nyundo na msumari: gonga polepole. Mlio wa utupu waonyesha kwamba lipu haikushika. Kwaruza kwa msumari. Ukitoka unga mwingi, uso ni dhaifu. Ufa mwembamba kama unywele si hatari kubwa, lakini ufa uingiao ukucha utengenezwe mapema, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

La mwisho ni mapatano. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni tangu mwanzo, mbele ya shahidi, vipimo vyote, na sehemu ya malipo itakayobaki hata mvua ya kwanza ipite. Fundi aambiwe kabla ya kushika mwiko. Ukimwambia kazi ikiisha, ataona unamdhulumu, naye atakuwa na haki.

Walimu wanaweza kuwapeleka watoto wakapime vidato vya shule yao. Ni hesabu njema. Viongozi wa vijiji nao wakague hivi hivi kazi za zahanati na ofisi, kwa kuwa fedha ile ni ya wote.

Vidato vya mama vilivunjwa, vikajengwa upya, kila kimoja sentimeta 16. Aliyevijenga ni fundi yule yule. Alipomaliza hakuomba fedha kwanza, alinipa futi kamba mkononi akasema, "Karibu, ndugu, upime."