Fungu la Mtoto wa Nahodha

*Shangazi,*

*Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Mbweni. Huu mwaka wa nne naoka boflo, mikate ya ufuta na keki. Nilianza na tanuri moja uani. Leo nina wafanyakazi sita, na mikate yangu inakwenda maduka ya Kiembesamaki na Mazizini na nyumba mbili za wageni Mji Mkongwe. Mmoja wa hao sita ni mtoto wa marehemu dada yangu. Hana baba wala mama. Kazi yake ni kupeleka mikate kwa pikipiki. Wenzake wanaingia saa nane usiku, alfajiri mikate iko tayari, yeye anatokea saa mbili asubuhi. Mara nyingi ni mkandaji wangu wa unga anayebeba makapu akapanda daladala. Kijana namlipa laki tano. Mkandaji, niliyeanza naye siku ya kwanza, laki nne.*

*Mwezi uliopita fundi wa tanuri aliondoka, kaenda hoteli moja Nungwi. Hakuaga. Sasa mkandaji naye haongei, na kimya kile nakijua. Mama yangu anasema nikimgusa yatima nitakuwa nimemtupa marehemu. Jirani amenipa mkataba wa kazi uliotoka Dar es Salaam ninakili, nimfukuze kijana kisheria. Nifanyeje?*

*Mama Boflo, Mbweni*

Mwanangu, barua umeiandika juu ya kijana, lakini mimi aliyenikaa moyoni ni mkandaji. Kwa miaka minne anaamka usiku wa manane, halafu anabeba kazi ya mtu anayemzidi mshahara kwa laki nzima, na hajakutukana. Huyo ndiye nguzo ya bekari yako. Fundi wa tanuri hukumpoteza kwa sababu ya Nungwi peke yake. Hoteli zilikuwapo tangu zamani na alikuwa hajaenda.

Shuka pwani asubuhi moja, vyombo vinaporudi, utazame mapato yanavyogawiwa. Samaki wakishanadiwa, kwanza hutolewa gharama za mafuta na barafu. Chombo kina fungu lake na nyavu zina fungu lake, kisha wavuvi hugawana kilichobaki, nahodha akizidishiwa kwa sababu ya dhamana yake. Mtoto wa nahodha akiwamo chomboni, anapata fungu la kazi aliyoifanya. Akibaki kitandani, hana fungu. Na nahodha akitaka kumpa mwanawe kitoweo, nani atamzuia? Lakini anakitoa kwenye fungu lake, hakitoi kwenye fungu la wenzake. Wavuvi wengi wa pwani yetu hawajawahi kuona mkataba wa maandishi, na bado jambo hili wanalisimamia kuliko wengi wetu tuliosoma.

Wewe umechanganya mafungu mawili. Kumsaidia mtoto wa dada yako ni wajibu, na mama yako kasema kweli. Kwa mila zetu wewe ni mama yake mdogo, naye ni mwanao. Ila ule msaada unautoa ndani ya mshahara, na wanaoulipa ni mkandaji na wenzake, bila kuulizwa. Na mama yako mkumbushe kwa adabu kwamba kijana anayeendesha pikipiki amekwisha baleghe. Dini haimwiti tena yatima.

Nakuuliza swali ambalo hukuligusa: wewe mwenyewe unajilipa kiasi gani? Nadhani hujilipi. Unachota kwenye kopo la mauzo: leo ada ya skuli, kesho unga. Maadamu hela ya bekari na hela ya mkoba wako ni moja, huwezi kujua unachotoa ni mshahara au ni huruma. Jipangie mshahara wako, uandike daftarini, uuchukue mwisho wa mwezi kama wengine. Hiyo laki anayozidishiwa kijana, ukitaka aendelee kuipata, itoke humo, mkononi mwako, nyumbani. Bekari imlipe kwa mikate iliyofika dukani kabla watu hawajanywa chai.

Nasema haya kwa uchungu. Ujanani nililelewa hivyo hivyo katika duka la jamaa yangu mmoja. Nikichelewa, sisemwi. Nikikosea hesabu, wanasahihisha wengine. Wenzangu walijifunza biashara, mimi sikujifunza kitu, na duka lilipofungwa wao walipata kazi ndani ya wiki. Mtoto wa dada yako nawe unamnyima ufundi.

Ule mkataba wa Dar es Salaam mrudishie jirani. Mambo ya kazi si ya Muungano. Bara wana sheria yao na sisi Zanzibar tuna yetu, Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Nenda Kamisheni ya Kazi, uulize mkataba unavyotakiwa kuwa, kima cha chini cha mshahara na siku za likizo. Ukitoka hapo pita Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF), uwaandikishe wote sita, na mchango wao na wako uende kila mwezi. Usimfukuze mtu kwa hasira za asubuhi moja. Mtu huambiwa kosa lake, akasikilizwa, akaonywa kwa maandishi. Ukiruka hayo, shauri litafika kwenye usuluhishi, na pengine Mahkama ya Kazi, nawe huna karatasi hata moja mkononi.

Kijana mkalishe faraghani, si mbele ya wenzake. Mwambie saa ya kuingia, maduka anayopaswa kuyafikia, na mshahara wa kazi hiyo, uliokubaliwa na kutiwa saini. Mpe miezi mitatu. Akishindwa, mtafutie ufundi mwingine aupendao, ada ulipe wewe kwa jina la dada yako. Hapo marehemu hukumtupa.

Na masika inakuja. Mwezi wa nne na wa tano wageni hupungua, baadhi ya hoteli za shamba hufunga, na oda zako za Mji Mkongwe zitashuka. Waambie watu wako mapema, mpange likizo zao wakati huo, wasije wakasikia siku ya mshahara.

Lakini usingoje masika, wala mkataba. Usiku wa leo, saa nane, kabla unga haujatiwa hamira, nenda mwenyewe kwa mkandaji wako. Muombe radhi kwa yale makapu, kisha mtajie mshahara wake mpya.