Kudurusu Somo kwa Ubeti: Mwongozo kwa Walimu wa Manda

Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa shule ya msingi huko Manda, wilayani Ludewa, na kwa wenzake wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Unahusu kipindi cha kudurusu mada iliyokwisha, ambacho kwa mazoea huishia kwenye maswali ya ubaoni na majibu ya kunakili. Badala yake, wanafunzi watunge ubeti.

Mbinu hii ina historia. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma, alitumia ngonjera, yaani mashairi ya majibizano, kueleza siasa ya Ujamaa, na shule zikazipokea. Kilichofaa kwa siasa kinaifaa hata sayansi, ila watoto watunge wenyewe. Ubeti wa kukariri hupima kumbukumbu tu.

Tuchukue mzunguko wa maji. Wanafunzi wataje maneno ya somo, nawe uyaandike ubaoni ovyo ovyo: mvua, ziwa, mvuke, mto, wingu. Kisha wakae wanne wanne, kila mmoja atunge mshororo wake, halafu kundi liipange mishororo hiyo. Kudurusu kwenyewe kumo katika kupanga huko. Kundi litakalotanguliza wingu kabla ya mvuke limekwisha kukuonyesha lilipokwama. Mfano wa kazi iliyokamilika ni huu:

Jua likichoma ziwa, mvuke hwenda angani,
Hupoa, mawingu huwa, yatandayo milimani,
Mvua inapoachiwa, maji hushuka bondeni,
Ruhuhu huyachukuwa, yakarejea ziwani.

Kila mshororo una mizani 16, na vina ni -wa na -ni. “Huyachukuwa” imeandikwa hivyo kwa ajili ya kina. Mshairi anaruhusiwa, mwandishi wa insha haruhusiwi. Ukweli wa somo haupindwi kamwe. Mtoto akiandika kwamba mto Ruhuhu unatoka ziwani kwa sababu kina kimekubali, kina na kivunjwe, tena mbele ya darasa, kwa upole. Mto wenyewe unamwaga maji ziwani hapo jirani. Wengi wao wameuona.

Usianze na mizani. Ukidai tarbia kamili, yaani shairi la mishororo minne katika kila ubeti, siku ya kwanza, kipindi kitaisha watoto wakihesabu silabi kwa vidole na mvuke umesahaulika. Guni, yaani shairi lisilofuata urari wa vina na mizani, linatosha kabisa. Urari wa mizani una kipindi chake katika somo la Kiswahili. Anayetafuta wazo kwa Kimanda au Kikisi kabla ya kulisema kwa Kiswahili asikatizwe, na asiyeandika vizuri aseme, mwenzake aandike.

Darasa likiwa kubwa, makundi mawili au matatu yasome mbele. Mengine yasikilize na kutaja kosa la somo, si la lugha. Hapo ngonjera husaidia: kundi moja linauliza kwa ubeti, la pili linajibu.

Hisabati iache. Kugawanya desimali hujulikana kwa kugawanya. Mbinu hii inafaa zaidi pale penye hatua, sababu au mfuatano: sayansi, jiografia, historia, afya.

Unaposahihisha, weka tiki kwenye kila jambo la kweli, wala usikate alama kwa kina kilichopotea. Beti zilizosahihishwa zinakiliwe katika daftari la somo husika, si la Kiswahili, ili mwanafunzi azikute huko anapojiandaa kwa mtihani.