Somo la Afya: Asiyeweza Kula Ngano



Mwezi huu twapenda kusema juu ya ugonjwa ambao wengi wetu hapa Kitaya hatukuwahi kuusikia, nao ni ugonjwa wa siliaki. Tunauandika kwa sababu umeingia katika nyumba ya mmoja wetu, na maneno mengi yamesemwa juu ya binti yake ambayo si ya kweli. Yeye na wazazi wake wameturuhusu kueleza habari hizi bila kumtaja jina.

Binti huyu aliharisha na kufura tumbo miaka mingi. Alipewa dawa za minyoo, akapewa za amiba, akaongezewa damu mara mbili, na bado alizidi kukonda. Wako waliosema amerogwa. Mwishowe alipelekwa Dar es Salaam. Huko walimpima damu, kisha wakapitisha mpira mwembamba wenye taa kinywani hadi utumboni, wakachukua kinyama kidogo na kukitazama kwa hadubini. Ndipo ugonjwa ukajulikana.

Sasa tueleze jambo lenyewe. Ndani ya ngano, shayiri na rai mna protini iitwayo gluteni. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Kwa watu wengi haina dhara lolote. Lakini kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili huiona gluteni kama adui, na katika kupigana nayo huuumiza utumbo mwembamba. Utumbo huo kwa ndani una vidole vidogo mno, mfano wa nyuzi za zulia, na hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Vikisinyaa, mtu hula akashiba lakini mwili wake hubaki na njaa. Damu hupungua, mifupa hudhoofu, mtoto hudumaa. Ugonjwa huu hauambukizi. Hutembea katika ukoo, na kati ya ndugu wa karibu wa mgonjwa, yaani wazazi, watoto, kaka na dada, yapata 1 katika 10 huwa nao, kwa hiyo yafaa nao wapimwe.

Daktari mmoja wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, ndiye aliyeonyesha kwamba kisa ni ngano. Alikuwa akiishuku tangu miaka ya 1930. Katika njaa kuu ya Uholanzi ya 1944 na 1945 mkate uliadimika, na mkate uliporudi watoto wenye ugonjwa huu walizidiwa tena. Mwaka 1950 alitoa maandiko yake. Hata leo tiba ni ile ile: kuacha gluteni kabisa, maisha yote.

Binti alirudi nyumbani na karatasi ya vyakula vilivyokatazwa na vilivyoruhusiwa. Ilionekana kuandikwa kwa watu wa nchi nyingine. Ilitaja mikate ya unga maalumu na vyakula vya makopo ambavyo hata Mtwara mjini ni shida kuvipata. Mama yake alituletea tuisome. Na hapa hatuna budi kuungama kosa letu, maana mwalimu aliyestaafu hudhani bado ana jibu la kila swali. Tulimwambia, "Mama, ngano si chakula chetu cha asili. Mpe ugali wa muhogo asubuhi na jioni, basi." Akafanya hivyo miezi mitatu. Binti hakupata nafuu ya kutosha, na kuharisha kulirudi mara kwa mara.

Ndipo tulipofuatana nao Mtwara kumwona mtaalamu wa lishe. Tulitazamia atatoa karatasi nyingine. Hakutoa. Aliuliza tu maswali, karibu saa nzima: jana ulikula nini, nani alipika, kwa sufuria gani, mafuta yalitumika kwa nini kabla? Basi mambo yakafichuka. Unga wa uji wa lishe ulionunuliwa dukani ulikuwa umechanganywa na ngano. Muhogo wa kukaanga wa jirani ulipikwa katika mafuta yale yale ya maandazi. Samaki wa mgahawani walipakwa unga wa ngano kabla ya kukaangwa. Na mahindi yao yalisagwa katika mashine iliyotoka kusaga ngano. Kila kimoja ni kidogo, lakini kwa mgonjwa huyu hata kidogo cha kila siku huumiza utumbo.

Kisha akauliza juu ya muhogo wenyewe, na hapo tulitahayari. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na kuanika makopa peke yake hakuitoi yote. Mkoa wetu wa Mtwara uliwahi kuupata ugonjwa wa konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafula wala haiponi tena. Huwapata watu wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, siku baada ya siku, bila kitoweo cha kutosha. Sisi tulimtoa binti katika hatari moja tukamsukuma kwenye nyingine! Mtaalamu akamfundisha mama kulowanisha unga kwa maji, kuutandaza usizidi unene wa sentimita 1, na kuuacha saa mbili juani au saa tano kivulini, ili sumu iondoke, kisha ausonge ugali siku ile ile. Akamwambia abadilishe: leo wali, kesho mtama, keshokutwa mahindi, pamoja na samaki, kunde, mbaazi, korosho na mboga za majani. Mkate wa kumimina wa mchele waweza kuliwa, mradi usitiwe ngano. Akampangia pia tarehe ya kurudi apimwe damu na uzito.

Kuhusu Meza ya Bwana, binti alikuwa ameacha kukaribia altare, na watu wakadhani ana dhambi kubwa. Hostia ni ya ngano, na Kitabu cha Sala cha 1662 chataja mkate wa ngano, kwa hiyo si jambo la parishi kujibadilishia. Lakini Kanisa limefundisha tangu zamani kwamba anayepokea kwa umbo moja amepokea sakramenti nzima. Padre sasa huweka wakfu kikombe kidogo cha pekee, kwa sababu katika kile kikubwa hutiwa kipande cha hostia. Hupokea hicho, na asiulizwe.

Mwenye kuharisha kwa muda mrefu, au kupungukiwa damu bila sababu kujulikana, aende zahanati kwanza. Mara nyingi ni minyoo au amiba. Daktari akishuku siliaki, mtu asiache ngano kabla ya kupimwa, kwani akiiacha kipimo chaweza kusema hana ugonjwa hali anao. Akithibitishwa, aombe kupelekwa kwa mtaalamu wa lishe. Halmashauri zina maafisa lishe, na Mtwara kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, na ile ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Aende pamoja na yule anayempikia, achukue karatasi zake za vipimo, na aandike kila alichokula kwa juma moja, hata pipi. Hiyo orodha ndiyo itakayomsaidia mtaalamu kuliko maelezo marefu.

Akina mama wanaopika chai baada ya ibada wameamua kuchemsha viazi vitamu katika sufuria ya peke yake, na kuviweka kwenye sinia yenye kifuniko mbali na maandazi. Tafadhali watoto wasichovye mikono humo.