SOMO LA MWEZI: MWANGWI KATIKA SIMU



Msimu wa mavuno ufikapo, mambo yetu mengi hupitia katika simu: idadi ya wachumaji, uzito wa karafuu kavu, siku ya kupeleka mzigo. Msemaji akirudiwa na sauti yake masikioni, ulimi humkwama. Akisema "kilo sitini", mwenziwe aweza kusikia "tisini". Tofauti ni kilo 30, na hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Basi yafaa tujue mwangwi huu watoka wapi.

1. Mwangwi. Unaposema, sauti yako hutokea katika spika ya simu ya mwenzio. Spika hiyo ikiwa juu mno, sauti huingia tena katika maikrofoni ya simu ile ile na kukurudia. Kwa hiyo ukijisikia mwenyewe, usiilaumu simu yako. Sababu yake mara nyingi iko upande wa pili.

2. Mlio mkali. Watu wawili walio katika mkutano mmoja wa simu wakikaa chumba kimoja, kila mmoja na spika yake wazi, sauti huzunguka baina ya simu zao, ikizidi kila mzunguko mpaka ikapiga kelele.

Simu za leo zina programu ya kupunguza mwangwi, ufundi ulioanza katika maabara ya Bell, Marekani, miaka ya 1960. Programu hukadiria mwangwi utakaoingia, kisha huutoa. Lakini spika ikikoroma kwa kupandishwa mno, hesabu yake huharibika.

Dawa zake ni hizi:

(a) Punguza sauti ya spika, au tumia hedifoni.
(b) Walio chumba kimoja watumie simu moja.
(c) Asiyesema azime maikrofoni yake.
(d) Sogea karibu na maikrofoni.
(e) Epuka chumba kitupu cha saruji. Mikeka, mapazia na magunia hunyonya sauti.

Katika mkutano, kumjua mwenye kasoro ni rahisi: kila mmoja azime maikrofoni yake kwa zamu. Mwangwi ukikoma, aliyezima ndiye wa kurekebisha spika yake.

Na hata simu ikiwa safi, kila hesabu itajwe mara mbili, na msikilizaji aikariri kabla ya kuiandika daftarini.