ELIMU KWA WAFUGAJI: NAFAKA NYINGI KWA MARA MOJA HUUA NG'OMBE

Msimu wa mavuno humletea mfugaji chakula tele cha mifugo, lakini pia huja na hatari. Ng'ombe, mbuzi au kondoo akivamia mahindi, unga au pumba na kula kupita kiasi, anaweza kufa ndani ya siku chache, hata kama alikuwa na afya njema. Chanzo ni kuzidi kwa tindikali katika tumbo lake kubwa, yaani rumeni.

Rumeni ina vijidudu vinavyochachusha malisho. Mnyama anayekula majani hutafuna na kucheua kwa muda mrefu. Mate yake, ambayo kwa ng'ombe mkubwa huweza kuzidi lita 100 kwa siku, hupunguza makali ya tindikali. Wanga wa nafaka, hasa iliyosagwa, huchachuka upesi mno. Tindikali hupanda, vijidudu vyenye manufaa hufa, na maji ya mwilini huvutwa kuingia tumboni. Hivyo mnyama hukaukiwa maji mwilini ilhali tumbo lake limejaa maji.

Dalili kwa kawaida huonekana kati ya saa 12 na 36. Mnyama huacha kula na kucheua, ubavu wa kushoto hujaa, huharisha kinyesi chenye harufu ya uchachu, macho hudidimia, huyumba, na hatimaye hulala asiweze kuinuka. Anayepona anaweza kubaki na maumivu ya kwato.

Mfugaji akibaini kuwa mnyama amekula nafaka nyingi, asisubiri dalili. Amwondoe penye nafaka, ampe majani makavu, amzuie kunywa maji mengi kwa pamoja, na amwite Afisa Mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Asimnyweshe dawa za kubahatisha kwa nguvu, kwani zinaweza kuingia mapafuni. Mnyama akishalala, matumaini ya kumwokoa hupungua sana.

Kinga ni nafuu kuliko tiba:

• Nafaka na pumba zihifadhiwe katika ghala lenye mlango unaofungwa.
• Mnyama asiyezoea pumba aongezewe kidogo kidogo kwa wiki 2 hadi 3.
• Majani au mabua yatangulie, na pumba zigawanywe mara kadhaa kwa siku.
• Hori liwe na nafasi ya kutosha, ili mnyama mwenye nguvu asile fungu la wenzake.

Wafugaji wanahimizwa kufika ofisi ya kata kwa ushauri kabla ya kubadili lishe ya mifugo yao.